Gololi Ndani ya Chupa

Rafiki yangu mpiga picha hana mzaha na dawa ya kusafishia picha. Ikipungua, hutumbukiza gololi chupani hadi ijae pomoni, hewa isije ikaiharibu. Juzi alijifungia katika chumba cha giza, akapapasa chupa: nusu tupu! Kopo la gololi nalo halina kitu.

“Shemeji!” alimfokea shemeji yake anayemsaidia kazi. “Nimesema mpaka mate yamenikauka! Ukitumia dawa, tia gololi! Hayo masikio ni pambo?”

Gizani, gololi ikazama chupani. Chubwi.

“Ndiyo unajifanya mchapakazi sasa? Toka humu!”

“Nitoke wapi?” shemeji alijibu kutoka nje ya mlango. “Ndiyo kwanza nafika.”

Rafiki yangu akakaza kifuniko kwa hasira, akaikumbatia chupa kifuani. Chubwi. Chubwi. Chubwi. Mpaka dawa ikamchuruzika vidoleni.