Mkeka Uliopanda Basi

Mvua ya Mbeya haina adabu ya kubisha hodi. Ilimkuta Ikupa katikati ya Mwanjelwa, sweta lake la njano mwilini, sketi ya jinzi imeshalowa pindoni, akakimbilia duka la Yotamu, muuza vifaa vya kompyuta. Ndiko alikokuwa akienda hata hivyo. Lilikuwa duka jembamba, lenye nyaya zinazoning'inia kila upande, na siku hiyo lilijaa watu waliokimbia mvua.

"Yotamu, ule mkeka wa mausi mkubwa bado upo?"

"Upo dada, mmoja tu. Lakini kaushika yule kaka."

Yule kaka alikuwa mrefu, amevaa koti la mvua la kijani. Alikuwa ameukunjua mkeka juu ya kaunta, mweusi, mpana kiasi cha kubeba kibodi na mausi na nafasi ikabaki. Alikuwa akiupapasa kwa kiganja huku amefumba macho.

"Samahani kaka, unaununua au unaubariki?"

Akafumbua macho. Yalikuwa macho mapole yaliyojaa usingizi, na Ikupa alijikuta ameyatazama kupita kiasi.

"Naupima," alisema. "Ukiwa laini sana mausi inateleza. Ukikwaruza, mkono unachoka. Huu uko katikati, na chini una mpira, hauwezi kukimbia mezani." Akainua ukingo. "Kasoro yake moja tu. Pembeni haujashonwa. Ukitumika kidogo utaanza kufumuka."

"Basi uache. Mimi nitauchukua na kasoro yake."

"Unacheza gemu gani?"

"Gemu? Mimi nina kazi! Ile mifuko ya mchele wa Madibira, yenye picha ya mama anayepepeta kwa ungo, umeshaiona? Yule mama nimemchora mimi. Ninao mkeka mdogo, nikizungusha mstari mausi inadondoka ukingoni, ungo unatoka na pembe."

Watu wakacheka. Kaka naye akacheka, taratibu, kama mtu anayeamka.

"Mimi ni Sosthenes, natoka Iringa. Mchana nachora ramani za viwanja, jioni nacheza gemu za vita. Mausi ikigota ukingoni, nimeuawa."

"Pole. Ufe tu, mchele wa watu upate mifuko."

"Niwakatie katikati?" Yotamu akauliza, mkono umeshafika kwenye mkasi.

"Hapana!" walisema wote wawili kwa pamoja, kisha wakatazamana.

Ni Sosthenes aliyelileta lile wazo la kichaa. Wachangie. Siku za kazi mkeka ukae Mbeya, wikiendi uende Iringa kwa basi. Mtu mwenye akili timamu angesubiri Yotamu alete mzigo mwingine. Lakini moyo ukishapenda, akili hukaa nje ikinyeshewa. Walipeana namba za simu, na mvua ilipokatika hakuna aliyekuwa na haraka ya kutoka.

Basi mkeka ukawa msafiri. Kila Ijumaa Ikupa aliuviringisha, akaufunga kwa utepe, akaandika jina na namba ya simu, akaenda nao Uyole na kumkabidhi kondakta wa basi la Iringa. Jumatatu alirudi palepale kuupokea, ukungu ukiwa bado umelala juu ya magunia ya viazi na malori ya Zambia yakinguruma polepole. Akifika nyumbani aliukunjua mezani, akalaza shavu juu yake. Ulikuwa na harufu ya sabuni na ya chai yenye tangawizi. Alifumba macho akahisi mkono ulioshinda hapo Jumapili nzima.

"Bosi, umeupokea?" Sosthenes alikuwa akipiga simu.

"Nimeupokea. Umemwagia chai tena."

"Hiyo siyo chai, ni machozi ya kukukumbuka."

"Machozi yenye tangawizi?"

"Sisi wa Iringa tumejaliwa, mpenzi."

Miezi ikapita hivyo, kama ndoto ya asubuhi ambayo mtu hataki kuamshwa. Mara nyingine Sosthenes aliuleta mkeka mwenyewe, wakatembea chini ya mikaratusi bila kusema sana, mkono wa Ikupa ndani ya mfuko wa lile koti la kijani. Siku moja akamwambia kwamba Pasaka anataka kumpeleka kwa mama yake.

Ikupa alisimama. Alikuwa amewahi kupenda kabla, akaja kugundua kwamba mwanamume ana mke Tunduma, na aliyemwambia ni huyo mke.

"Nitakuja," alisema. "Ila ujue jambo moja. Nikiona dalili ya mwanamke mwingine, sitagombana na mtu. Nitaondoka."

"Hutaiona," Sosthenes aliapa.

Jumatatu moja kabla ya Pasaka, mkeka ulirudi umevaa pindo. Ukingo wote ulikuwa umefumwa kwa uzi mwekundu na mweupe, na kila pembe ilikuwa na ua dogo. Haukunukia sabuni tena. Ulinukia mafuta ya nazi, mafuta ya mwanamke. Ikupa alikaa chini. Huku kwetu kila mtu anajua, mwanamke hamfumii mwanamume kitambaa kwa kukosa kazi ya kufanya.

Akapiga simu.

"Umeuona!" Sosthenes alianza kucheka.

"Nimeuona. Nani kafuma?"

"Ahaa, bashiri."

"Sosthenes, nani?"

"Yupo mwanamke hapa kwangu. Ananipikia, ananifulia, na ananipenda kuliko wewe. Vipi, wivu?"

Utani ni chumvi, na Sosthenes alikuwa amemwaga kopo zima. Ikupa alikata simu, akaizuia namba yake. Kisha alichukua mkasi, akalikata ua la pembe moja. Alipofika la pili mkono ulikataa. Mishono ilikuwa midogo, imenyooka, imeshonwa na mtu mwenye subira, na yeye mchoraji alijua kazi ya mikono inavyochosha. Alilia juu ya maua yaliyobaki.

Ijumaa hakwenda Uyole. Mkeka ulibaki mezani, mausi ikijikwaa kwenye pindo, na yule mama wa ungo akatoka na sura ya huzuni ambayo mteja hakuiagiza.

Jumamosi mchana namba ngeni ikaita.

"Kamwene, mwanangu. Mimi ni mama yake Sosthenes."

Ikupa alisimama wima kana kwamba anaonekana. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ninauliza hivi, kile kitambaa chako cha meza kilifika salama?"

"Kitambaa cha meza?"

"Kile cheusi, kizito. Nimekuja huku kwa mwanangu kutibiwa macho, wamenipa miwani. Nikakiona mezani kinafumuka pembeni. Nikauliza cha nani, akasema cha dada mmoja wa Mbeya, kinarudi Jumatatu. Nikasema, he! Chombo cha watu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea maharage kwenye bakuli, utamrudishia bakuli tupu? Sasa kitambaa hakiwekwi maharage. Nikaona nikiwekee pindo."

Ikupa aligusa ile pembe aliyoikata.

"Halafu huyu mtoto hali chakula. Nimembana hadi akasema alikutania juu yangu. Mwanangu, huyu alizaliwa na utani, hata ubatizo haukumtoa. Kama pindo limekuudhi, lifumue tu. Sisi tulitaka kukushukuru."

"Halijaniudhi, mama," Ikupa alisema, akicheka na kulia kwa pamoja. "Ni zuri mno."

Alipomaliza kuongea na mama, alimpigia mtoto.

"Wewe ni mjinga."

"Najua. Ikupa, nisamehe. Nilitaka ucheke kwanza, ndipo nikwambie."

"Sikucheka."

"Najua, mpenzi. Mkeka utakuja?"

"Utakuja. Ila safari hii hautasafiri peke yake."

Alisafiri Jumatatu ya Pasaka, gauni la kitenge cha bluu, nywele zimesukwa upya, mkeka magotini kama mtoto. Misitu ya Mafinga ilipita dirishani, mirefu, imetulia, na moyo wake ukatulia nayo. Huko Iringa, mtaa wa Kihesa, mlangoni kwa Sosthenes alisimama mama mfupi mwenye miwani mipya. Nyuma yake Sosthenes alishika chupa ya chai, hajui aiweke wapi.

Ikupa alipiga goti, akautoa mkeka kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama. Nimerudisha chombo."

Mama aliupapasa ukingo mzima hadi vidole vikafika kwenye pembe isiyo na ua. Vikasimama hapo.

"Nilikata mimi, mama. Nilikuwa na hasira."

"Kwa utani ule?" Mama alimgeukia mwanawe. "Hata mimi ningekata."

"Lakini hakijarudi kitupu," Ikupa alisema. "Kimerudi na mimi."

Mama alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga, ingawa haikuwa na vumbi. "Haya. Na mimi sasa nitakurudishia nini, mwanangu? Nyumba hii haina cha kulingana na hicho." Akamsukuma Sosthenes kwa kiwiko. "Sema basi. Au leo utani umekwisha?"

Sosthenes aliiweka chupa sakafuni.

"Ikupa, mimi pembeni sijashonwa vizuri," alisema, na safari hii hakucheka. "Utanioa... hapana, nitakuoa... yaani, utakubali?"

"Nilishasema dukani," Ikupa alijibu, machozi yakimtoka. "Nitakuchukua na kasoro yako."

Mama hakungoja kusikia zaidi. Alikuwa ameshaketi na kuukunjua mkeka mapajani, uzi mwekundu umeshaingia kwenye sindano, akaanza kufuma ua la ile pembe iliyokatwa.