Mkono wa Pamba

Jumamosi asubuhi, kwenye lango la soko la ghorofa, watu tisa walikuwa wamepanga foleni ya kunolewa visu. Wa kumi akawapita wote kana kwamba ni nguzo za jengo. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa gumu kama kadibodi, na kwapani alibana mfuko wa ngozi uliokunjwa.

"Samahani dada, mimi ni daktari wa meno. Nina haraka."

Msichana wa mashine hakuinua macho. Gauni lake la buluu lilikuwa na vitobo vya cheche, kichwani kafunga kitambaa chekundu, na mikasi saba ya wasusi ilimsubiri mezani. Wateja walimwita Makali, na si kwa sababu ya visu peke yake.

"Huyu hapa anauza nyama, naye ana haraka," alisema. "Rudi nyuma, daktari. Ukikaa vizuri nitakufikia."

Foleni ikacheka. Daktari akarudi mwisho akasimama saa nzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa ajili ya mtu yeyote. Zamu yake ilipofika akakunjua mfuko. Ndani mlikuwa na visu sita vyembamba, ncha zake nyepesi kama ukucha wa mtoto.

"Hivi ndivyo vya kung'olea? Koleo iko wapi?"

"Koleo ni ya kupokelea tu. Jino limeshikwa na nyuzi ndogo ndogo pembeni. Unapenyeza kisu kati ya jino na mfupa, unakata kidogo, unapumzika, unazunguka. Huvuti. Kisu kikiwa butu ndipo unatumia nguvu, na nguvu inavunja mfupa. Kwa hiyo maisha yangu yako mikononi mwako."

"Umeniwekea maisha mikononi na hata salamu hujanipa."

Akamsalimia. Makali akazima mashine, akatoa jiwe dogo na mafuta, akanoa kimoja kimoja kwa mkono. Daktari aliangalia vile vidole akasahau kabisa kwamba alikuwa na haraka.

Baada ya wiki mbili ni Makali aliyehitaji msaada. Shavu lilimvimba mpaka jicho likafumba. Daktari alimkalisha kitini, akamchoma sindano ya ganzi polepole, huku akimpapasa mdomo ili asiisikie. Kisha akaanza kumsimulia habari za ndugu yake aliyefuga njiwa ghorofa ya nne mpaka majirani wakamshtaki. Hadithi ilikuwa ndefu. Makali aliisikiliza macho yakiwa kwenye taa.

"Unaanza lini?" aliuliza mwishowe, ulimi mzito.

"Nimemaliza zamani. Nilikuwa nakuhadithia tu, ili nikae na wewe."

Jino lilikuwa kwenye sahani, zima na mizizi yake. Hapo ndipo Makali alipopenda. Alipenda vibaya, bila kujiwekea akiba.

Mwaka mzima simu zao zilikuwa za saa nzima.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe umeng'oa mangapi?"

"Manne. Hakuna aliyelia."

"Muongo. Mmoja amelia, nakujua."

"Huyo ni mume wa mgonjwa. Alikuwa nje."

Wagonjwa walimpa daktari jina la Mkono wa Pamba, naye akalivaa kama koti jipya. Lakini mama yake, mwalimu mstaafu aliyemsomesha kwa kushona sare za shule, hakuvutiwa na fundi wa lango la sokoni. "Mkwe wangu hatanuka chuma," alimwambia mwanawe. Alikuwa ameshamchagulia mfamasia, binti wa rafiki yake. Mwanaume mwenye haya angekataa, au angekwenda kwa Makali amwambie ukweli akiwa amesimama. Huyu alikuwa na ujuzi wake mwingine.

Kwanza aliomba Makali amrudishie ufunguo wa kliniki aliokuwa amempa, eti fundi wa rangi anauhitaji. Simu za saa nzima zikawa za dakika kumi, kisha ujumbe wa "nitakupigia". Siku moja, mbele ya mgonjwa, alimtambulisha: "Huyu ananinolea visu." Kila mara Makali alimtafutia udhuru. Kazi nyingi. Mgongo unamuuma. Ulimi wake ulikuwa umeshazoea kwenda kwenye pengo la jino, na siku hizo ulikwenda mara nyingi zaidi.

Habari aliipata kwa dada wa mapokezi, aliyepeleka mkasi wake kunolewa. "Bosi umeshampa hongera? Jumapili amemvalisha mfamasia pete." Makali akampigia daktari palepale.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sikutaka uumie, mpenzi."

"Na unadhani sijaumia?"

Upande wa pili daktari alisikika akifunga mlango.

"Ulianza lini kunilegeza? Wakati wa ufunguo?"

Simu ikakatwa. Makali alilia akiwa amesimama kwenye mashine, na wateja aliwaambia ni vumbi la jiwe.

Miezi mitano ikapita. Daktari alijaribu mafundi watatu. Wa kwanza aliunguza ncha, wa pili alizifanya nene, wa tatu alipoteza kisu. Akaanza kutumia nguvu. Mzee mmoja alipiga kelele zikasikika mpaka barabarani, na chumba cha kusubiria kikaanza kupwaya. Mfamasia naye alizungumza kuhusu bei za viwanja mchana kutwa. Daktari akagundua kwamba hana wa kumuuliza ameng'oa mangapi. Asubuhi moja akasimama tena kwenye foleni, shati limekunjamana, na zamu yake ilipofika machozi yakamtangulia.

"Nirudie. Bila wewe sifai kitu."

"Ni mimi au ni visu?"

"Ni wewe."

Safari hii alisema kweli, na hilo ndilo baya. Makali akaweka jiwe mezani. Angeweza kumtukana mbele ya wauza nyama, likaisha. Badala yake akampangusa shavu kwa kidole chenye mafuta.

"Basi mwachie mfamasia pete yake kwanza," alisema kwa upole.

Daktari akaivunja posa. Baada ya mwezi, Makali akasema haoni raha kuolewa na mtu anayelala nyumbani kwa mama. Daktari akapanga kwake, mama akanuna, akaacha kumpigia. Makali akataka wagonjwa wajue, naye akawatangazia wote. Pete mpya ilinunuliwa, ikavaliwa kwa vicheko. Tarehe ikawekwa. Simu zilikuwa fupi, lakini daktari alikuwa na furaha mno hata asiangalie saa. Tusidanganyane, Makali alimpenda bado. Ziko asubuhi alizoamka akitaka kusahau yote aolewe tu. Kisha ulimi ulikwenda kwenye pengo.

Mama alishikwa na jino mwezi wa nane, akakaza roho siku sita. Siku ya saba alimpigia mwanawe: hamwamini mwingine. Daktari akakimbilia sokoni kuchukua visu.

"Leo tunapatana na mama," alisema. "Akishapona namleta akuone. Mbona hujavaa pete?"

"Nanoa, mpenzi. Pete inakwaruza jiwe." Akamkabidhi mfuko, akamtengeneza kola. "Mwambie mama hatasikia chochote."

Msaidizi aliupokea mfuko, akavitia vyombo kwenye mashine ya kuulia vijidudu. Mama alichomwa ganzi, akatulia, mkono wake umeshika mkono wa koti la mwanawe. Daktari akafunua kitambaa cheupe juu ya sinia. Visu vilikuwa vitano, vikali kuliko alivyowahi kuviona. Pembeni yake, safi kabisa, ilikuwa pete.

"Ilikuwa mfukoni na vyombo," alinong'ona msaidizi. "Nikaichemsha navyo."

Daktari alitoka akaenda kwenye ujia, akampigia Makali simu. Ilipokelewa haraka, mlio wa mashine nyuma yake.

"Makali, unanifanya nini? Umeanza lini mambo haya?"

"Nimemaliza zamani, mpenzi," alisema. "Nilikuwa nakuhadithia tu."

Akarudi ndani, kwa sababu ganzi haimsubiri mtu. Akavaa glavu, akapenyeza ncha kando ya jino, akazunguka, akapumzika, akazunguka tena. Kisu kilikuwa kikali, hakikuhitaji nguvu. Tone la maji lilimwangukia mama shavuni, kisha la pili. Mama akafungua macho.

"Mwanangu," alisema, midomo imekufa ganzi, "mbona unalia wewe, na jino ni langu?"