Maharage Yanayohama

Soko la Sumbawanga lilikuwa limefurika, upepo unapeperusha makapi ya ulezi mpaka machoni. Halfani, amevaa suruali ya bugaluu ya kahawia na viatu vya raizoni vya soli nene vilivyomtembeza kama anapanda ngazi, alikuwa anashusha magunia kutoka lori la baba yake. Akamwona dada wa gauni la njano amechuchumaa penye fungu la maharage, anachambua punje mojamoja.

"Dada, hayo unayapika au unayaoa?"

Hakuinua macho. "Nataka mekundu peke yake, meupe peke yake."

"Kwani yamegombana?"

"Bado. Nikifika nyumbani ndiyo nitaona."

Halafu akacheka, na kicheko hicho kikammaliza Halfani palepale.

Aliitwa Atusaye, Mnyakyusa wa Tukuyu, mgeni katika ofisi ya mipango ya mkoa. Chuoni Dar alifundishwa kuigiza mji mzima ndani ya kompyuta, mashine ya kujaza chumba, inayolishwa kadi za matundu. Huku juu Ufipa mashine kama hiyo ilikuwa ndoto. Akachukua ubao wa dama na maharage, akawa kompyuta mwenyewe.

Halfani akageuka mgonjwa wa simu. Kila akirudi na lori, anakimbilia simu ya dukani kwao.

"Ofisi ya mipango. Ndugu nani mwenzangu?"

"Lori."

"Lori gani lina sauti tamu hivyo?"

"Halina breki, mpenzi. Linakuja huko sasa hivi."

"Limwagiwe maji kwanza, lipoe!"

Nyuma ya marobota ya khanga, Bi Kulsumu, mama yake Halfani, anasikia yote, anajifanya anakunja vitambaa.

Jumapili moja Atusaye akamwonyesha mchezo wake. "Mekundu ni nyinyi wa msikitini, meupe ni sisi wa kanisani. Hakuna anayemchukia mwenzake. Kila punje inataka tu majirani wachache wa kwao. Wakipungua, inahama."

Wakaanza kuhamisha. Hii ikisogea, ya pembeni inabaki mpweke, nayo inasogea. Mwisho ubao ulikatika katikati, mekundu huku, meupe kule.

"Nani kawatenga?" Halfani akauliza.

"Hakuna."

"Atusaye, lazima kuna mtu!"

"Angekuwepo, kipenzi, tungemfuata tukamtukana. Ndiyo ubaya wake huo."

Halfani akakusanya maharage yote akayatia kwenye kopo kwa hasira. "Mimi si harage. Nataka kukuoa."

"Tukae wapi? Kwenu nitakuwa peke yangu, kwetu utakuwa peke yako."

"Mtaa wa Kizwite, vyumba vya kupanga kwa Flavian. Uani pale wamo watu wa kila namna."

Atusaye akalivuta kopo kwake. Aliogopa, na hakuficha. "Tangulia wewe. Ulezi ukivunwa majirani wako bado wapo, nakubali. Nitamwambia mama yako mwenyewe, nimepiga magoti."

Halfani akahamia. Flavian alikuwa fundi baiskeli. Mkewe Cornelia alipika kimpumu, pombe ya ulezi, na jioni wapangaji walikizunguka chungu, kila mtu na mrija wake, maneno hayaishi. Walimpenda Halfani. Walimwita shemeji kabla hajaoa. Naye akiwaona wanakunywa alizungukia mlango wa nyuma, wasijisikie vibaya.

Haukupita muda, chungu kikahamia kwa dada yake Cornelia, ng'ambo ya barabara. Leonsi, mnywaji mkuu, akahama kukifuata. Kalista muuza karanga akawafuata wanywaji. Mwisho Flavian akabeba pampu na spana zake, maana wateja wake wote walikuwa kule. Uani pakabaki Halfani na kamba ya kuanikia nguo.

Akawaka. Akaingia ofisini kwa Atusaye bila hodi, mbele ya makarani. "Umemwambia Cornelia ahame! Umeona bora ubao wako ushinde!"

Atusaye alisimama. "Halfani, mimi ndiye niliyekuwa nasali wasihame. Toka."

Halfani alipiga simu siku nyingi baada ya hapo. Iliita tu.

Alikwenda kwa Cornelia akiwa amechoka mwili na roho. "Shikamoo, mama. Atusaye alikwambia nini?"

"Marahaba. Atusaye gani? Mwanangu, utoke kuswali ukute chungu cha pombe mlangoni kwako? Sisi si washenzi. Nilikuheshimu."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungesema, 'Hapana, mama, usijali.' Kwa aibu tu."

Angesema hivyohivyo. Alijua.

Akakimbia kwenda kuomba radhi, akakuta kufuli mlangoni kwake. Jirani akamwambia Atusaye ameomba uhamisho, amepanda basi la Mbeya asubuhi ile. Halfani akalitoa lori, akalikimbiza kwenye vumbi mpaka Laela, akalikuta basi limesimama, watu wananunua mahindi ya kuchoma.

"Nisamehe, mpenzi wangu. Nilikuwa mjinga."

"Nilishakusamehe." Alikuwa dirishani, kitambaa cheupe kichwani, macho yamevimba.

"Basi shuka!"

"Mama yako alikuja kwangu. Alinipikia pilau, akaniita mwanangu. Akasema majirani zake wameanza kupita njia nyingine, wasipite dukani kwake, lakini nisijali. Angenitukana, Halfani, ningebaki."

"Shuka, Atusaye."

"Panda wewe. Twende wote."

Halfani akatazama mlango wa basi. Akamwona mawazoni mama yake, yuko dukani peke yake, anakunja vitambaa. Hakuusogelea mlango.

"Umeona?" Atusaye akasema taratibu, bila hasira.

Utingo akapiga bodi. Halfani alikuwa amemshika mkono dirishani, akatembea na basi, kisha akakimbia. Mbele magunia ya mahindi yalikuwa yamepangwa mpaka ukingoni mwa barabara. Akaona mkono wake Atusaye utabanwa pale. Akawahi kumwachia, asije akaumia.