Mama Asiye na Kichwa

Kila Jumamosi Laetitia, msichana wa miaka kumi na mmoja, alisaidia kwenye saluni ya mama yake, Huguette, mtaani Umbilo, karibu na bandari. Yeye alichambua rasta za kusukia na kuzipanga kwa rangi. Bibi yake Antoinette, ambaye wote walimwita Koko, alifagia nywele sakafuni, miguuni ndara za kijani, kiunoni kitenge chenye samaki wekundu.

Jumamosi hiyo Laetitia alikuja na kijitabu. Darasani walikuwa wametazama katuni za zamani sana, zile za kuanguka na kurushiana masufuria, kisha Mwalimu Zilpah akaagiza kila mwanafunzi achore yake katika kurasa arobaini. Ukizipeperusha kwa kidole gumba, picha zinatembea. Jumatatu zingeonyeshwa mbele ya wazazi, na Laetitia alitamani sana wacheke.

"Tazameni!" alisema, akapeperusha. Paka akaiba samaki, mama mmoja akamfukuza kwa fagio, akakanyaga sabuni, puu! Wateja walicheka mpaka msusi akapoteza mstari.

"Sasa kichwa yake iko wapi?" aliuliza binamu yake Elysée. "Naona ndara na kitenge tu."

"Katuni zile ndivyo zilivyo. Mtumishi mweusi anaonekana miguu tu."

"Ah, mtu bila kichwa? Muwekee!"

Laetitia akachora upesi, vilevile alivyoona watu weusi wakichorwa kwenye katuni nyingine za zamani: uso mweusi kama masizi, macho kama mayai, mdomo mpana kama karai. Kicheko kikakatika.

Koko akavaa miwani. Akazitazama ndara za kijani kwenye karatasi, akazitazama za miguuni mwake. "Ni mimi huyu?"

Laetitia alitaka kukana. "Ndiyo, Koko," akasema, machozi yakimlenga. "Miguu ni yako. Uso nimenakili tu."

"Eish! Mdomo huu si utameza bandari nzima na meli zake!"

Saluni ikalipuka kwa kicheko. Koko akaketi kwenye kiti cha wateja mbele ya kioo. "Njoo, mjukuu wangu. Achana na katuni. Nitazame mimi."

Laetitia akatazama. Akaona pengo kati ya meno, baka dogo kando ya pua, na unyusi wa kushoto uliopanda kila Koko alipotaka kutania. Miaka yote hakuwahi kuuona unyusi ule!

"Koko, nifute hata kule kuanguka?"

"Ufute kwa nini? Mimi naanguka vizuri!" Koko akajiachia, puu, juu ya lundo la rasta, ndara moja ikaruka hadi mlangoni.

Kurasa arobaini zilirudiwa zote, Jumamosi mchana na Jumapili baada ya kanisa, hadi kidole kikauma. Jumatatu, kwenye skrini ya ukumbi wa shule, paka aliiba, mama akaanguka, kisha akainua unyusi wa kushoto. Paka akarudisha samaki mwenyewe!

"Huyo si Koko Antoinette?" mzazi mmoja alipaza sauti. Ukumbi mzima ukageuka kumtafuta. Koko akasimama, akainua unyusi, na vicheko vikazidi.

Njiani kurudi nyumbani Koko alimshika Laetitia mkono. "Wale wachoraji wa zamani walitaka watu wacheke, lakini hawakumtazama mama kama mimi na kumwona kweli. Kuchekesha ni kazi nzuri, endelea nayo. Ila kabla hujamchora mtu, mtazame kwanza usoni. Hapo hata yeye atacheka pamoja nawe."