Abiria wa 3A Asisemeshwe

"Kuna abiria ameomba usimhudumie tena."

Msimamizi wetu wa wahudumu wa ndege alisema hivyo huku akikoroga chai yake, kama mtu anayeniambia nimesahau mwavuli.

"Abiria gani?"

"Wa kiti cha 3A. Yule fundi wa mashine za hospitali anayesafiri nasi kila Jumatatu."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Huyo wa 3A ni mpenzi wangu, ingawa ofisini hakuna aliyejua. Jumamosi wazee wake walikuwa waje nyumbani kwetu kuleta posa, na asubuhi ile ile alikuwa ameniandikia, "Umeamkaje, roho yangu?"

"Ameandika sababu?"

"Ameandika, 'Naomba nihudumiwe na mwingine yeyote.' Basi. Umemfanya nini mtu wa watu?"

Nikajifungia chooni, nikamtumia ujumbe.

"Mpenzi, umenishtaki kazini?"

"Sijakushtaki. Nimeomba tu."

"Tofauti yake nini?"

Ukaingia ujumbe mwingine: "Umekula lakini?"

Mtu amenichongea kwa bosi, halafu anauliza kama nimekula. Nikampigia mama.

"Ana mwanamke mwingine," mama akasema bila hata kuvuta pumzi. "Anasafiri naye, hataki uwaone. Niwaambie wasije?"

"Subiri kwanza, mama."

"Nisubiri mpaka lini? Shangazi yako ameshashona nguo."

Nikaenda karakanani kwake na sare yangu ya kazi, begi begani. Alikuwa amefumua mashine ya eksirei, skrubu zake amezipanga mstari juu ya gazeti.

"Ni nani?" nikamuuliza.

"Nani yupi?"

"Huyo unayesafiri naye."

Akanitazama kama nimeongea lugha ya kigeni. "Kiti cha 3B huwa hakina mtu. Unajua hilo kuliko mimi."

Ni kweli. Mimi ndiye niliyehakikisha kinaachwa wazi, na hapo nikazidi kuvurugika.

"Sasa shida nini? Mzigo wako hauchelewi, chai unaletewa bila sukari, hakuna anayekuamsha. Kuna abiria wanagombana na sisi wapate nusu ya hayo."

"Hayo nayapenda. Lakini hakuna anayenisemesha." Aliweka bisibisi chini. "Miaka miwili. Wa 2A anaulizwa habari za watoto. Wa 4A anataniwa kitambi chake. Mimi nawekewa kikombe, mtu anaondoka kwa kunyata kama yuko wodini. Wenzako niliwavumilia. Lakini na wewe? Jumapili tumecheka mpaka machozi, Jumatatu unanipita hata jicho huniinulii. Nikasema huyu ananionea aibu, mimi na mikono yangu ya grisi. Afadhali ninyamaziwe na mtu nisiyempenda."

"Si wewe mwenyewe uliyetaka hivyo?"

"Nilimwambia nani?"

Nikatoa tableti ya kazini, nikamfungulia ukurasa tunaousoma kabla ya kila safari, wenye maelezo ya abiria wetu wa mara kwa mara. Akasoma polepole.

"'3A. Asisemeshwe. Chai bila sukari. Kiti cha jirani kiachwe wazi.' Nani kaandika haya?"

"Mimi. Angalia tarehe."

Akaiangalia muda mrefu.

"Hii ni siku niliyotoka kumzika mama."

"Uliniambia, 'Dada, leo niache tu.' Nikakuacha. Baadaye ukaniandikia barua ya shukrani, ndiyo tukajuana. Nikajua hicho ndicho ulichokipenda kwangu."

"Nilisema leo," akajibu kwa sauti ndogo.

Nililia, na katikati ya kulia nikashikwa na kicheko, sikujua nifuate kipi. Miaka miwili nilikuwa najisifu moyoni kwamba namtunza. Kumbe kampuni nzima nimeiamuru imsuse.

"Nayafuta," nikasema. "Niandike nini badala yake?"

"Usiandike. Uliza."

"Na Jumamosi?"

"Unauliza au unajua?"

"Nauliza."

"Wanakuja," akasema, akanifuta machozi kwa mkono, akaniachia grisi shavuni.

Walikuja. Shangazi alivaa nguo yake, na mama akajifanya hajawahi kumsema mtu vibaya.

Jumatatu nikamweleza msimamizi ukweli wote. Alikuna kichwa, akanirudisha kuhudumia viti vya mbele. Nikasimama kwenye 3A na toroli.

"Habari za leo?"

Wa 4A akachungulia.

"Hata sijui," mpenzi wangu akasema. "Sijazoea kuulizwa huku."

"Nitarudi kuuliza tena. Chai?"

"Ndiyo. Leo tia sukari."

Nikatia vipakiti viwili, na sikuandika popote.