Bamba Lililorudisha Risasi

Kila baada ya swala ya alasiri, Masouda, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikwenda kisimani kuteka maji pamoja na mdogo wake Sayyida. Njia nzima aliikejeli Maskati. Mawe matupu! Joto la tanuri! Watu wanapika samaki bila tui! Familia yake ilitoka Unguja mwaka 1964, na mwaka wa pili ulikuwa unakatika bila yeye kuona kitu kinachostahili sifa. Aliyemdharau kupita wote ni ami yake, Harub, kwa kuwa kila jambo alilitazama mara mbili. Kwa siri alimwita Ami Taratibu.

Sikukuu ya Idi, Ami Harub aliwachukua watoto hadi kwenye bonde kavu nje ya lango la mji. Alibeba gobori la babu yao, bunduki ndefu ambayo baruti na risasi hushindiliwa mdomoni mwake. Kila Idi wanaume wa ukoo hulenga shabaha, na safari hii ilikuwa zamu ya Thani, mwana wa Ami Harub, kijana wa miaka kumi na saba. Thani alikuwa ameokota bamba la chuma pwani, akaliegemeza wima kwenye jabali.

"Likipigwa litalia kama kengele!" alisema.

Ami Harub alilipapasa. Lilikuwa limebonyea hapa na pale.

"Hili silo, mwanangu. Risasi ikiingia kwenye kishimo hugeuka, ikarudi ilikotoka. Chuma cha shabaha huwa sawa kama sinia. Hutundikwa kwa mnyororo, kikainamia chini, vipande vikamwagika mchangani. Na hapa mpo karibu mno. Leo tutalenga ganda la tikiti kwenye lile tuta la mchanga."

Mara jamaa mmoja akamwita kutoka njiani. "Msipige mpaka nirudi," alisema, akaenda kumwamkia.

Masouda alibetua mdomo. "Ganda la tikiti! Tumepanda mawe yote haya kuja kuua tikiti? Baba'ko anaogopa kirisasi laini hivyo, hata jino linakibonyeza!"

"Baba kasema tungoje."

"Haya, ngoja. Nikuazime kanga yangu ujitande, mwanamume mzima?"

Masikio ya Thani yakawaka moto. Alimimina baruti, akashindilia risasi, akalenga bamba.

Mlio wa chuma ulijaa bonde zima. Masouda akapiga makofi. "Umeona? Ami Taratibu na hekaya zake!"

Moshi ulipotawanyika alimwona Sayyida, aliyekuwa amekaa kando, karibu na bamba, ameinama na mkono usoni. Damu ilipenya vidoleni.

"Dada, jicho langu," alisema kwa sauti ndogo.

Masouda alimkimbilia. Alipiga magoti, lakini hakuthubutu kuuondoa ule mkono. Ami Harub alikuja mbio, akamnyanyua mtoto bila kumkemea mtu, akashika njia ya kwa daktari. Masouda alimfuata akilia.

Daktari alichomoa kipande cha risasi chini kidogo ya jicho. "Kingepanda kwa unene wa ukucha, angepofuka," alisema.

Nyumbani, lawama zote zilimwangukia Thani. Shangazi yao Bakhita alimwita mpumbavu, muuaji, asiyefunzwa. Thani hakumtaja mtu. Masouda angeweza kuliacha lipite.

"Nnakuombeni mniache niseme," alisema. "Yeye alitaka kungoja. Mimi nilimtukana mpaka akapiga."

Idi iliyofuata, Ami Harub alitundika bamba jipya, lililonyooka, likiinamia mchanga. Thani alisimama mbali, amevaa miwani ya kukinga macho. Watoto wa jirani walijipanga kando ya bamba wapate kuona vizuri. Masouda aliwaendea.

"Rudini nyuma ya mpigaji."

"Woga wa watu wa karafuu!" mmoja alimcheka, na wenzake wakaangua kicheko.

Uso ulimwiva, lakini hakurudisha tusi. Alisimama mbele ya bamba, mikono kifuani. "Chekeni. Hapigi mtu hapa mpaka mwondoke."

Thani aliweka gobori chini. Watoto walinung'unika, mwisho wakasogea, na Masouda akawafuata hadi nyuma.

Risasi ilipopiga, bamba liliyumba likilia. Ami Harub alikwenda kuchimbua mchanga chini yake, akaokota vipande vyembamba, vyenye ncha kama miba. Aliviweka kiganjani mwa Masouda, na watoto wote wakaja kutazama, hata yule aliyecheka.

"Mwanangu," alisema, "risasi haijui nani jasiri wala nani mwoga. Dharau haikingi jicho. Kinachokinga ni kusikia la mwenzako kabla hujalicheka."

Masouda alifumba kiganja taratibu, asijichome.