Hita Iliyowashwa Bila Maji

Kila Jumamosi, wakishaosha vyombo na kudeki, Maswali na kaka yake huandamana na mama yao kazini. Jina la Maswali alipewa na kaka huyo huyo, kwa sababu binti huyo wa miaka kumi na moja hakuna asichouliza. Mama ni fundi wa umeme na mabomba. Kaka, mwenye miaka kumi na minne, hubeba sanduku la vifaa. Maswali hubeba tochi na vidole vyake, ambavyo hupenda kugusa kila kitu.

Jumamosi hiyo kazi ilikuwa kwenye kituo cha mazoezi ya viungo. Humo mlikuwa na beseni kubwa la maji moto, la kukaa watu wanne, ambamo wagonjwa wa magoti na migongo huingia kujinyoosha. Beseni lilikuwa la zamani. Hita yake ilikuwa imeliwa na kutu, na maandishi ya vitufe vya kisanduku cha kuiongoza yalikuwa yamefutika, hata muuguzi wa kituo alibonyeza kwa kubahatisha tu.

Mama alifungua vyote vya zamani, akafunga hita mpya na kisanduku kipya chenye kioo kidogo. Akaweka saa na tarehe, kisha akainua kidole.

"Sikilizeni, wanangu. Hita haiwashwi kabla maji hayajazunguka ndani yake. Ikiwashwa kavu, inaungua papo hapo. Maswali, umesikia?"

"Nimesikia, mama. Kwani inachukua muda gani kuungua?"

"Muda wa wewe kuuliza hivyo," mama alijibu. Kaka akacheka.

Mama akamtuma Maswali dukani kuleta raba ya kuzibia bomba, kisha mama mwenyewe akaenda ofisini kwa muuguzi. Kaka akabaki peke yake.

Maswali aliporudi alikuta harufu ya kuungua. Kaka alikuwa akipepea kwa kipande cha boksi huku jasho likimtoka.

"Kaka, kitu gani kinanuka?"

Kabla hajajibiwa, mama aliingia. Alinusa mara moja tu, akakimbilia swichi ya ukutani na kuzima umeme. Alipofungua hita, koili, ule waya wa kupasha maji moto, ilikuwa nyeusi tii.

"Nani amewasha?"

Maswali alimtazama kaka yake, akisubiri aseme. Huyu ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Kaka akainamisha kichwa.

"Ni Maswali, mama. Niligeuka kidogo tu."

"Mama, mimi nilikuwa..."

"Mara ngapi nimekuambia kuhusu hivyo vidole? Sikuleti tena kazini. Kakae nje!"

Kikulacho ki nguoni mwako. Maswali alikaa kwenye benchi barazani, akalia kimya kimya. Kilichomuuma si kufokewa. Kilichomuuma ni kwamba kaka alijua ukweli, na bado alikuwa mle ndani akikunja nyaya kana kwamba hakuna kilichotokea. Na mama, mama yake mwenyewe, hakumuuliza hata neno.

Baadaye mama alikiwasha kisanduku peke yake, bila hita, aone kama kimesalimika. Simu ikaita, akatoka uani kuzungumza na muuza vifaa. Kupitia mlango uliokuwa wazi, Maswali aliona kioo kikimulika picha ya tone la maji lililokatwa kwa mstari, yaani hakuna maji. Alisogea karibu, akaona chini yake muda hita ilipowashwa kavu: saa nne na dakika kumi. Akachomoa mfukoni risiti ya raba. Ilionyesha saa nne na dakika nane. Kutoka dukani hadi pale ni mwendo wa dakika kumi, hata ukikimbia.

Alimwita kaka, akamwonyesha risiti, kisha kioo.

Kaka alinywea. "Nilitaka tu kuona hita inavyowaka. Tafadhali, mdogo wangu. Mama akijua, hatanifundisha tena ufundi. Wewe umeshazoea kugombezwa."

"Ndiyo maana ukanichagua mimi?"

Kaka akarudi kukunja nyaya.

"Sitamwambia," Maswali alisema. "Utamwambia wewe. Ukinyamaza, nitampa hii risiti."

Mama alirudi akisema hita nyingine ingeletwa Jumatatu. Kaka akaziweka nyaya chini.

"Mama, si Maswali. Ni mimi niliyewasha. Yeye alikuwa bado hajarudi."

Mama alikaa juu ya sanduku la vifaa. Kisha akamshika Maswali mikono yote miwili.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuhukumu kwa mazoea, wala sikukuuliza. Nimekosea." Akamgeukia kaka. "Njia ya mwongo ni fupi. Kuwasha hita lilikuwa kosa, na kila fundi amewahi kuunguza kitu. Ningekufokea, kisha ningekufundisha. Lakini kumtwisha mdogo wako kosa lako ni usaliti. Wagonjwa wakija kesho, wewe ndiye utakayewaeleza kwa nini maji ni baridi."

Jumapili kaka aliwaeleza wote, mmoja mmoja, masikio yakimwaka kwa aibu. Jumatatu baada ya shule, mama alifunga hita nyingine, akajaza maji, akasubiri pampu iyazungushe. Ndipo akamwambia Maswali abonyeze. Baada ya muda mvuke ulianza kupanda kutoka kwenye beseni.

"Umenisamehe?" kaka alimnong'oneza.

"Nimekusamehe," Maswali alijibu bila kumtazama. "Lakini bado inauma."

Kaka alimgeukia mama, kana kwamba anaomba msaada.

"Hapo mimi siwezi kukusaidia," mama alisema. "Hita ikiungua tunafunga nyingine. Imani ya ndugu yako haina spea. Sema kweli leo, useme kweli kesho, na umsubiri."